Kwa nini marais ndio huuza vinu vya nyuklia?

SWALI: Mhandisi, habari za Arusha. Nafundisha fizikia sekondari hapa Moshi. Tangu urani ya Mto Mkuju ianze kuzungumzwa sana, wanafunzi hawaishi kuuliza kuhusu vinu vya nyuklia. Nasoma kwamba marais wenyewe husafiri kuvipigia debe. Kwani kampuni haziwezi kuuza zenyewe?

JIBU: Haziwezi, Mwalimu. Anayenunua kinu anafunga uhusiano wa miaka 60 au zaidi: mafuta yake, vipuri, mafunzo, na mkopo mkubwa kiasi kwamba bila dhamana ya serikali hakuna benki itakayouthubutu.

Chukua zabuni ya vinu vya Barakah, iliyotolewa na Abu Dhabi katika Falme za Kiarabu (Emirati) mwaka 2009. Wafaransa walipewa nafasi kubwa. Korea Kusini ilikuja na bei ya chini, lakini haikuishia hapo. Rais Lee Myung-bak, aliyewahi kuongoza kampuni ya ujenzi ya Hyundai, alimpigia simu Mwanamfalme Mohammed bin Zayed, kisha akapanda ndege kwenda mwenyewe. Desemba Wakorea wakapata kandarasi ya kujenga vinu vinne kwa dola bilioni 20. Mwanzoni mwa 2011 makomando wa Korea wakawasili kufundisha jeshi la huko, na mwaka 2018 aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Korea alikiri kwamba alisaini makubaliano ya siri ya kijeshi. Kwangu hiyo ni bei isiyokubalika, maana bunge la Korea halikuulizwa.

Warusi wao hutanguliza fedha. Misri ilipewa mkopo wa dola bilioni 25 kwa ajili ya kituo chake cha nyuklia cha El Dabaa, unaobeba asilimia 85 ya gharama kwa riba ya asilimia 3. Uturuki haikukopa: Warusi wanajenga kituo cha Akkuyu na kukimiliki, nayo Uturuki imeahidi kununua sehemu ya umeme huo kwa miaka 15, senti 12.35 za dola kila uniti. Wape wanafunzi wako hesabu hiyo, wailinganishe na uniti wanazonunua kwa LUKU.

Siku muuzaji akija kwetu, mimi ningeanza na kifungu cha ucheleweshaji: nani analipa? Kinu cha kwanza cha Barakah kilitarajiwa 2017, kikaanza kuuza umeme 2021. Pia ningetaka msimamizi wa usalama awe na meno kabla ya saini. Emirati waliunda mamlaka yao Septemba 2009, miezi mitatu kabla ya kumchagua Mkorea.