Mafuta yakishika moto, weka ndoo chini

SWALI: Shikamoo mzee. Krismasi ya mwaka huu inafanyika kwetu: wakwe, mashemeji na watoto, jumla watu 17 kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mwaka jana nikikaanga sambusa, mafuta yalishika moto kwenye karai. Mume wangu alikimbilia ndoo ya maji, bahati nzuri mama mkwe akamdaka mkono na kufunika karai kwa sinia. Tangu siku hiyo nikiinjika mafuta moyo unanidunda. Safari hii nijipange vipi? Tena jikoni tuna soketi moja tu, vingine tunachomeka kwenye ekstensheni.
Mama wa wawili, Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfikishie mama mkwe salamu zangu, na umwambie alimwokoa mwanawe. Mimi nilikuwa na miaka 19, mkesha wa Krismasi kwa shangazi yangu Tanga, na sikuwa na wa kunidaka mkono. Nilimwaga jagi moja tu la maji. Moto ulipanda mpaka kwenye mabati, na mkono wangu wa kushoto una kovu toka kiwiko hadi kiganja.

Sababu yake niliijua baadaye, nilipoanza ufundi umeme. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini ya karai. Huko chini joto limepita nyuzi 300, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji. Ndio unaorusha mafuta yanayowaka juu, usoni na kwenye mapazia.

Kwa hiyo sinia la bati linaloenea karai likae kando yako kabla hujawasha jiko. Mafuta yakianza kutoa moshi, zima. Hiyo ni hodi ya moto. Yakishawaka, zima gesi kama unaifikia bila kupitisha mkono juu ya karai, kisha telezesha sinia kuanzia upande wako kwenda mbele. Usifunue kuchungulia mpaka karai lipoe kabisa. Wala usilibebe kulipeleka nje, na unga wa ngano usimwage, nao unawaka. Ukishindwa, toa watu, funga mlango wa jikoni, piga 114, namba ya zimamoto. Na mgeni akibisha hodi, zima jiko ndipo ukamkaribishe. Shemeji hatakasirika.

Hiyo ekstensheni inanitia hofu zaidi. Niliwahi kuitwa nyumba moja tarehe 26 Desemba, umeme umekatika ndani. Ekstensheni ilikuwa imepitishwa chini ya zulia ili watoto wasijikwae, na imebeba friji, birika na jiko la umeme. Nilipoinua zulia, likaja na waya: plastiki imeyeyuka, imegandana na nyuzi, na sakafuni kuna mstari mweusi wa hatua tatu. Watoto walikuwa wamelala juu ya zulia hilo. Soketi ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 inabeba wati 2,990. Birika lenye wati 2,000 na jiko la wati 1,500 tayari vimepita. Friji ichomeke ukutani, birika na jiko vipokezane. Taa za mti zizimeni mkienda kulala.

Gesi nayo ina tabia ya kuisha pilau likiwa jikoni. Mtungi usibadilishwe karibu na jiko la mkaa linalowaka, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa: inatambaa sakafuni mpaka ikute kaa la moto. Ukishafunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Kiberiti usikisogeze.

La mwisho ni grili. Najua mnafunga kufuli usiku kwa kuogopa wezi, na Desemba wezi wapo. Lakini watu 17, wengine sebuleni kwenye magodoro, gizani, moshi umejaa, nani atajua ufunguo uko kwenye pochi yako? Pigilia msumari karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu aliye nje, ufunguo ukae hapo. Wageni wakifika, kabla ya chai, waonyeshe, na watoto wajaribu kufungua wenyewe.