Wikendi ya Kundi Vladimir na Suzdal: Ushauri kwa Wanafunzi Wapya wa Moscow

Kwa mwanafunzi mpya wa Moscow, safari ya kwanza ya kundi inayofaa ni Vladimir na Suzdal, si Saint Petersburg. Saint Petersburg iko zaidi ya kilomita 600, inakula usiku mbili za treni na mtarudi hamjaona hata robo yake. Vladimir iko kilomita 180 hivi, mwendo wa chini ya saa mbili kwa treni ya Lastochka, na Suzdal iko kilomita 26 mbele yake kwa basi. Mnalala usiku mmoja tu, na karibu kila kitu mnakifikia kwa miguu.

Kabla ya kujadili tarehe, ulizaneni kwanza pasipoti ziko wapi. Viza ya kwanza ya mwanafunzi kwa kawaida haizidi siku 90, na chuo ndicho kinachoiongezea muda. Wakati huo pasipoti hukaa ofisini kwa wiki kadhaa, na bila pasipoti halisi hupandi treni ya masafa: tiketi ina jina lako na kondakta anaikagua mlangoni. Picha kwenye simu haisaidii kitu. Kwa waliofika Septemba, kipindi hiki mara nyingi huangukia Oktoba na Novemba, kwa hiyo ama muende mapema, mwishoni mwa Septemba, ama msubiri hadi Februari. Aprili theluji inayeyuka na njia ni matope matupu. Sikukuu za kitaifa kama 4 Novemba, 8 Machi na zile za mwanzo wa Mei, pamoja na Mwaka Mpya, ziepukeni: Suzdal hujaa na bei za vyumba hupanda sana. Angalieni pia ratiba ya podfak, yaani mwaka wa maandalizi wa kujifunza Kirusi, maana vyuo vingi hufundisha Jumamosi na mahudhurio yanahesabiwa.

Idadi nzuri ni watu 8 au 12. Teksi ya kawaida inachukua abiria 4 na vyumba vya hosteli za wageni vingi ni vya vitanda 4, hivyo kundi la 9 litalipia teksi ya tatu kwa ajili ya mtu mmoja. Mkizidi 15, basi la kawaida la Suzdal huenda lisiwatoshe kwa mkupuo, na bora mkodi basi dogo lenu.

Mchango ukusanywe na mtu mmoja, kwa kadi ya Mir, yaani kadi ya benki ya Kirusi, kupitia SBP, yaani kutuma pesa kwa namba ya simu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nyumbani hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022, kwa hiyo asiye na Mir alete taslimu mkononi. Wekeni tarehe ya mwisho, na asiyelipa kufikia siku hiyo asikatiwe tiketi. "Nitalipa tukifika" imeua urafiki mwingi, na tiketi ikirudishwa kuna makato.

Kwenye tovuti ya reli kosa la kawaida liko kwenye aina ya kitambulisho. Wengi huchagua "zagranichny pasport" wakidhani ndiyo pasipoti ya kusafiria ya nchi yao. Hiyo ni pasipoti ya kusafiria ya raia wa Urusi. Chaguo lenu ni "inostranny dokument". Andikeni majina kwa herufi za Kilatini, kama yalivyo kwenye pasipoti, majina matatu kama ni matatu. Kisha someni jina la stesheni. Treni za Vladimir huondoka Kursky, lakini nyingine huondoka Vostochny, iliyo karibu na metro ya Cherkizovskaya, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya kuvuka mji. Nauli hupanda viti vikipungua, na treni za kurudi Jumapili jioni ndizo za kwanza kuisha. Kata ya kurudi kwanza, ndipo ukate ya kwenda.

Na saa za kukutana ziandikwe kwa tarakimu, kwa mtindo wa Kirusi wa saa 24: 06:20, 18:40. Ukituma kwenye kundi "saa kumi na mbili na nusu getini", yupo atakayefikiria 06:30 na yupo atakayekuja 12:30.

Kwa malazi, laleni Suzdal. Vladimir ni mji mkubwa wa kawaida wenye barabara yenye kelele, wakati Suzdal ni mji mdogo wa nyumba za chini, bustani na makanisa, na uzuri wake uko jioni na alfajiri, mabasi ya watalii yakishaondoka. Kabla ya kulipa, pigeni simu muulize: "Inostrantsev prinimaete?", yaani mnapokea wageni wa nje? Nyumba ndogo za wageni hukataa kwa sababu hazitaki shughuli ya kuwaandikisha wageni uhamiaji, na kukataliwa saa 21:00 kwenye baridi ni balaa. Kila mtu abebe pasipoti yenye viza, kadi ya uhamiaji na karatasi ya usajili ya chuo. Polisi wanaweza kuziomba stesheni. Mpe, jibu kwa kifupi, usipige kelele. Msipige picha za askari wala mitambo ya reli.

Jumamosi ni ya Vladimir hadi mchana. Sababu ni ya kawaida kabisa: malazi ya Urusi kwa desturi hufungua vyumba saa 14:00, basi kufika Suzdal asubuhi ni kuzunguka na mabegi. Chukueni treni ya saa 07:00 hivi, acheni mizigo stesheni kwenye "kamera khraneniya", kisha pandeni mlima kwa ngazi. Stesheni iko bondeni, upande wa mto Klyazma. Makanisa yako juu, dakika 15 za kupanda.

Kanisa Kuu la Uspensky lilijengwa 1158 hadi 1160 na mtawala Andrei Bogolyubsky, likaungua 1185, likapanuliwa na ndugu yake Vsevolod. Humo ndani tafuteni michoro ya ukutani ya Andrei Rublev na Daniil Chorny ya 1408, hasa ile ya Hukumu ya Mwisho upande wa magharibi. Ni kanisa linalosaliwa, kwa hiyo watalii huingia kati ya ibada na ibada. Wanawake wafunike kichwa, wanaume wavue kofia, hata ile ya baridi. Hatua chache pembeni ni Kanisa la Mtakatifu Dmitri, la miaka ya 1190, na hili utamu wake uko nje: kuta za mawe meupe zimechongwa simba, ndege, mimea na wapanda farasi mamia. Tengeni nusu saa ya kulizunguka. Makanisa yenye michoro ya kale huweza kufungwa siku za mvua, kwa kuwa unyevu huila rangi, kwa hiyo msitegemee jengo moja tu. Lango la Dhahabu la 1164 liko mbele kwenye barabara kuu. Dakika 20 zinatosha.

Kuna watakaotaka Kanisa la Pokrov kwenye mto Nerl, huko Bogolyubovo, la 1165. Ni zuri kuliko yote. Lakini kutoka kijijini ni kilomita 1.5 hivi za kutembea katikati ya mbuga, kwenda tu, na masika maji ya mafuriko hulizunguka. Kwa kundi la wikendi moja litawachukua muda wa saa tatu. Mkilitaka, acheni Lango la Dhahabu na kula kwa kukaa, vyote havitoshi.

Stendi ya mabasi iko mbele ya stesheni ya treni. Basi la Suzdal huchukua kama dakika 45. Stendi ya Suzdal iko kama kilomita 2 nje ya katikati. Mara nyingi basi lilelile huendelea hadi katikati kwa nyongeza ndogo ya nauli, kwa hiyo ulizeni dereva kabla ya kushuka.

Jumapili anzeni na Monasteri ya Spaso-Yevfimiev, upande wa kaskazini. Ina ukuta mwekundu wenye minara, kaburi la Dmitry Pozharsky aliyeongoza jeshi lililoikomboa Moscow 1612, na gereza lililoanzishwa enzi za Catherine wa Pili. Baada ya vita vya Stalingrad, jemadari wa Ujerumani Paulus alishikiliwa humu. Ulizeni kwenye dirisha la tiketi kengele zinapigwa saa ngapi, kisha pangeni kuzunguka kwenu kufuata saa hiyo. Onyesheni "studenchesky bilet", yaani kitambulisho cha mwanafunzi, ndicho kinacholeta punguzo. Kutoka hapo teremkeni kusini hadi Kremlin ya Suzdal, yaani ngome yake ya kale, yenye kuba za buluu zenye nyota za dhahabu, na jumba la makumbusho la nyumba za mbao ng'ambo ya mto Kamenka.

Chakula cha bei ya mwanafunzi kiko "stolovaya", yaani kantini. Wasiokula nguruwe watafute neno "svinina" kwenye orodha na waulize kuhusu pelmeni, vidonge vya unga vyenye nyama ndani, maana nyama huchanganywa. Halali Suzdal ni adimu, bora kubeba chakula. Medovukha, kinywaji cha asali kinachouzwa kila kona, kina kilevi hata kikiwa kitamu kama juisi.

Pakueni ramani ya nje ya mtandao, maana intaneti ya simu huweza kuzimwa, na baridi humaliza betri haraka. Kwa treni ya saa 18:30, pandeni basi la kutoka Suzdal saa 15:30, kwa sababu Jumapili alasiri mabasi hujaa na huenda mkaachwa na la kwanza. Msichague treni ya usiku sana: hosteli nyingi za vyuo hufunga mlango saa 23:00 au 24:00.

Jumatatu asubuhi pelekeni karatasi za malazi na tiketi ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Usajili wa hoteli huweza kuufuta ule wa hosteli yenu, na chuo kikalazimika kuwaandikisha upya. Sheria inatoa siku 7 za kazi, lakini vyuo vingi huweka muda mfupi zaidi.