Majibu ya kipimo cha titi bado hayajatoka: maswali yenu

Nilichukuliwa kinyama cha kupimwa kwenye titi, imepita wiki na zaidi. Nikipiga simu naambiwa bado. Ina maana wamekuta kansa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, dada yangu. Kuchelewa hakusemi lolote. Kinyama hicho hutiwa kwenye formalini kisiharibike, na hukaa humo saa 6 au zaidi. Kisha hutolewa maji, hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akitazame kwa darubini. Madaktari hao ni wachache nchini, na sampuli nyingi za mikoani husafirishwa. Pengine daktari ataomba rangi nyingine maalumu ili awe na uhakika, na hapo siku zinaongezeka tena.

Ninachokiogopa mimi ni chupa kupotea njiani, hasa pale mgonjwa au ndugu anapopewa aipeleke mwenyewe. Kwa hiyo ukipiga simu tena, uliza sampuli yako ilipokewa maabara tarehe ngapi na imepewa namba gani. Wakikosa kuiona kwenye daftari, rudi kwa daktari wako siku hiyo hiyo.

Nina miaka 26. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe, nasubiri majibu ya kinyama. Silali, nasoma mtandaoni hadi alfajiri.

Kwa umri wako uvimbe mwingi wa titi huwa fibroadenoma, ambayo si kansa; ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Hata hivyo sitakuahidi kitu, maana kabla ya majibu hakuna anayejua, wala huko mtandaoni hawajui. Usiku simu ilale chumba kingine. Swali likikujia, liandike kwenye daftari umpelekee daktari. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, usilipeleke kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, utapigiwa simu na shangazi kumi kila siku. Na ikiwa huli wala hulali siku nyingi mfululizo, mwambie daktari. Hilo nalo linatibika.

Jirani anasema sindano ya kipimo inaichokoza kansa isambae. Kweli?

Si kweli. Bila kipimo hicho daktari hajui anatibu nini. Na uvimbe usichuliwe wala kupakwa dawa huku ukisubiri.

Namwambia mke wangu, "Huna kitu, mwachie Mungu," lakini anakasirika. (Mume, Mbeya)

Kaka, dua ni njema, omba naye. Ila ukimwambia hana kitu, hofu yake anabaki nayo peke yake. Muulize, "Leo umeamkaje?" kisha msikilize bila kumkatiza. Siku ya majibu omba ruhusa kazini mapema, tafuta wa kubaki na watoto, uende naye mpaka ndani kwa daktari.

Niliambiwa majibu yametoka tangu mwezi uliopita. Naogopa kuyafuata.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya wengine yote ninaweza kuyasubiri, la kwako siwezi. Wiki mbili tatu za maabara hazikudhuru kitu. Miezi ya kukaa nyumbani inadhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60, na matibabu yaanze ndani ya miezi 3. Ikiwa si kansa, unateseka bure. Ikiwa ni kansa, ikiwahiwa inatibika, na wapo wanaoitibu: Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, KCMC Moshi.

Nenda kesho asubuhi na dada yako au binti yako mkubwa. Yeye aandike anachosema daktari, kwa sababu wewe huenda usisikie kitu baada ya sentensi ya kwanza. Msiondoke bila nakala ya majibu na tarehe ya kurudi.