Pua kuziba siku ya kumi baada ya upasuaji wa sainasi: ni kawaida, ila kuosha usikwepe

Umeuliza kwa nini siku ya kumi baada ya kusafishwa sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) na kunyooshwa ukuta wa kati wa pua, pua imeziba kuliko ulivyoingia hospitali. Pole, lakini ndivyo inavyokuwa. Utando wa ndani bado umevimba, na juu yake kuna damu iliyoganda, makamasi mazito na mabaki ya shashi inayoyeyuka ambayo madaktari wengi huiacha humo. Wiki ya pili na ya tatu ndizo za vigaga. Nafasi ya kweli ya kupumua huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, na kidonda cha ndani hupona kabisa baada ya miezi kama mitatu.

Kinachoamua matokeo sasa ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Vigaga visipotoka, kuta mbili zilizochubuka hugusana na kushikana, na njia iliyofunguliwa hujifunga tena. Kama hukupewa ratiba, muulize daktari wako. Wengi huagiza mara mbili hadi nne kwa siku.

Maji yawe yamechemka sawasawa kwa dakika moja, kisha yapoe hadi uvuguvugu. Wa Eldoret, Limuru na kwingine juu ya mita 2,000 wachemshe dakika tatu. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyaingize puani hata kama unayanywa kila siku: kuna vijidudu ambavyo tumbo huvimaliza lakini puani vina njia ya kufika kwenye ubongo. Nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi (kisawazishwe, kisiwe na mlima) na nusu kijiko cha bekingi soda. Si bekingi pauda, na si magadi ya kulainishia maharage. Chumvi ya dukani ina madini joto, ambayo huwasha watu wengine; pakiti za famasi huondoa usumbufu huo. Ikichoma sana, mara nyingi kipimo cha chumvi kimekosewa, kimezidi au kimepungua.

Inamia sinki, fungua mdomo, pumua kwa mdomo huku ukisema "aaa", kisha minya chupa ya kuoshea pua taratibu kwenye tundu moja. Maji yatatokea tundu la pili au mdomoni. Ukimeza mate katikati ya kuosha, maji hukimbilia masikioni. Chupa ioshwe na ikaushwe kila siku. Kigaga kinachoning'inia usikivute wala usikichokoe, maana kimeshika kwenye nyama mbichi, kiloweshe, kitaachia.

Kupenga makamasi bado, hadi daktari aruhusu, kwa kawaida baada ya wiki mbili. Mfupa unaotenga sainasi na jicho ni mwembamba kama karatasi, na ukipenga kwa nguvu hewa inaweza kupenya hadi kope ikafura. Chafya itoke mdomo wazi. Ndoo ya lita 20 abebe mwingine. Wanaoswali waulize kuhusu kusujudu. Wengi huambiwa waswali wameketi siku za mwanzo, kwa sababu kuinamisha kichwa huleta damu. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu.

Maumivu: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita inatosha watu wazima wengi, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usijianzishie. Zinaongeza kutoka damu, na wenye pumu na nyama za pua (vivimbe laini vinavyoota ndani ya pua) wengine hubanwa kifua vibaya na dawa hizo. Dawa za kuzibua pua zikipita siku tano huanza kuziba zenyewe.

Ganzi kwenye meno ya mbele ya juu isikutishe. Neva yake hupita kwenye ukuta uliofanyiwa kazi, na hisia hurudi polepole. Uwezo wa kunusa nao kwa kawaida hurudi vigaga vikipungua.

Damu ikitoka, kaa wima, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia. Inayoshuka kooni iteme, ukiimeza unaweza kutapika. Ikiendelea baada ya hapo, nenda hospitali. Nenda pia bila kusubiri asubuhi ukiona jicho linavimba, unaona viwili viwili au uoni umepungua. Homa kali na shingo kukakamaa. Au maji mepesi yasiyo na rangi yanadondoka upande mmoja kila ukiinama. Hayo ya mwisho watu huyadhania mafua, kumbe huenda ni maji ya ubongo. (Maji ya kuoshea nayo hubaki ndani yakadondoka ukiinama, ila huisha baada ya saa chache.)

Na kama ulitolewa nyama za pua, dawa ya kupuliza ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) usiiache kwa sababu tu unapumua vizuri. Nyama hizo hurudi, na kisu peke yake hakizizuii.