Mitego imejaa nzi, mbona embe bado lina funza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miembe, nafuata kilimo hai, dawa za viwandani sitaki hata kuzisikia. Nimetundika mitego ya nzi wa matunda inajaa mpaka raha, ila embe likikaribia kuiva nikipasua tu funza tele. Au nimeuziwa mitego feki?

JIBU: Marahaba. Feki sio, ila hebu wamwage hao nzi uwakague vizuri. Jike ana kamkia kembamba kaliochongoka, hicho ndo anachotobolea ganda la embe anataga ndani, na nakuhakikishia hutaona wengi wa hivyo, maana kivutio kilichomo kwenye mitego hiyo, methili yujenoli, kinaita madume tu. Lengo ni majike wakose wa kupandana nao, sasa dume mmoja anatosha majike kibao kwahiyo wakibaki wachache tu kazi inaendelea. Jike mtegee chambo cha protini, anaihitaji ili mayai yakomae. Kinachanganywa na spinosadi, dawa ya kuua wadudu inayotokana na bakteria wa udongoni, unapiga kidogo kwenye majani sio kwenye matunda. Ila kama una cheti cha kilimo hai uliza kwanza waliokupa, sio kila chapa inakubalika.

Haya yote lakini ni nusu ya kazi. Mimi nikija shambani kwako sitaangalia juu, nitaangalia chini ya miti. Yale maembe yaliyodondoka yanaoza hapo ndo kiwanda chenyewe, funza akishiba anatoka, tena anajikunja anaruka kabisa, anajichimbia udongoni sentimita chache tu. Ukifukua utakuta vidude vya kahawia kama punje za ngano, na ndani ya wiki moja au mbili vinatoka nzi wapya wanapanda juu kukusalimia. Okota kila baada ya siku mbili tatu, hata lile lililoliwa nusu na ndege, tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga mdomo usiache upenyo, weka juani mpaka funza wote wafe. Ukiamua kufukia shimo liwe refu, nusu mita ya udongo juu ya matunda au zaidi, na usiyatupe kwenye mboji, huko unawafugia. Jirani naye aokote, nzi hajui mpaka wa shamba.

SWALI: Mwembe wangu umejaa maji moto, wale sisimizi, wanang'ata hatari. Niwachome?

JIBU: Usithubutu! Hao ni walinzi wa bure, wanamfukuza jike asitulie kutaga na funza akitoka kwenye tunda wanambeba. Ubaya wao wanawalea vidung'ata, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, kwahiyo kagua matawi, vikizidi punguza matawi yaliyoshambuliwa sana. Kuhusu kung'atwa, chuma maembe kwa ufito mrefu wenye kikapu, vaa mikono mirefu na ujipake majivu mikononi.