Jibu: Je, wimbi la mwanga lina kikomo cha ufupi au urefu?

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama kuna wimbi la mwanga fupi au refu kupita yote. Nadharia ya mwanga yenyewe haijaweka mpaka. Ile nanomita 380 hadi 750 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ni mpaka wa macho yetu tu. Taa za wavuvi wa dagaa ziwani zimo humo, ila redio ya FM ya megahezi 100 nayo ni mwanga uleule, wimbi lake mita 3.

Kwenye urefu hakuna ubishi. Jeshi la majini la Marekani liliwahi kutumia hezi 76 kuwasiliana na nyambizi zake: wimbi moja karibu kilomita 3,900, yaani reli ya Dar hadi Kigoma mara tatu. Kurefusha zaidi inawezekana, shughuli ni antena.

Utamu uko kwenye ufupi. Mwaka 2021 LHAASO, kituo cha China kinachonasa miale kutoka angani, kilitangaza fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati ya takriban elektronivolti 1.4 × 10¹⁵; nishati ikizidi wimbi hufupika, na la hiyo ni chini ya mita 10⁻²¹! Fotoni kali hivyo zikitoka mbali mno hugongana na mwanga hafifu uliotapakaa angani, zikageuka elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya). Hicho ni kizuizi cha njiani, si kikomo cha wimbi lenyewe.

Urefu wa Planck, kipimo kidogo mno kinachokokotolewa kutoka namba za msingi za fizikia, mita 1.6 × 10⁻³⁵, wengi huutaja kama ukuta wa ufupi. Mimi sikubali, hakuna jaribio lililouthibitisha. Tena wimbi hupimwa kulingana na mwendo wa mpimaji: ukilikimbilia linafupika, ukilikimbia linarefuka. Sasa ukuta huo tuuweke kwa kipimo cha nani?