Usiiamini Pua Unapofanya Kazi na Mafuta ya Roketi

Nimefanya kazi ya kupima hewa huko Florida, kwenye maeneo ya kujazia roketi mafuta, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila fundi mgeni ni kwamba asiiamini pua yake. Haidrazini, mojawapo ya mafuta hayo, hunuka kama amonia au samaki, lakini watu wengi huanza kuisikia ikishafikia karibu sehemu 3 katika kila sehemu milioni 1 za hewa, ilhali kikomo kinachopendekezwa na ACGIH, shirika la wataalamu wa afya kazini la Marekani, kwa siku ya kazi ya saa 8 ni sehemu 0.01 tu. Aliyesikia harufu amekwisha kuzidi kiwango hicho mara 300 hivi.

Vipimo vya ukutani navyo havitoshi. Haidrazini hung'ang'ania kuta za mrija unaoipeleka hewa kwenye mashine, na mrija ukiwa mrefu, kinachofika ni pungufu. Zaidi ya hayo, uso wa anayefungua kiungo cha bomba ndio ulio karibu zaidi na uvujaji. Kwa hiyo kila fundi avae beji yake mwenyewe ya kupimia mvuke kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani, wala si kiunoni.

Ninayoipendelea ni beji yenye vanilini (kemikali inayoipa vanila harufu yake), ambayo hugeuka njano ikikutana na haidrazini, kisha rangi hiyo hulinganishwa na kadi. Kwa kuwa hukusanya mvuke wote ulioifikia, njano hafifu baada ya dakika 10 ni hatari kubwa kuliko njano hiyohiyo baada ya zamu nzima. Tafadhali andika saa ya kuivaa na saa ya kuivua. Ukiiona njano kazini, ondoka papo hapo, ndipo utoe taarifa.

Beji hiyo haipimi kinachopenya kwenye ngozi, wala haiioni naitrojeni tetroksaidi, kemikali inayoyawezesha mafuta ya roketi kuungua, ambayo huhitaji kipimo chake. Mwaka 1975 wanaanga watatu wa chombo cha Apollo waliivuta wakati wa kushuka, mmoja wao, Vance Brand, akazirai, na wote wakalazwa Honolulu. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baada ya kuivuta. Basi wasimamizi, aliyevuta apelekwe hospitali hata akisema hajambo, na asiachwe alale peke yake nyumbani usiku huo.